Gazeti Lililonyolewa

"Hivi mwenzangu, wewe ukienda dukani huwa unalipa bei yote?"

Mshonaji aliuliza hivyo asubuhi moja, akiwa upande wake wa ua na pini amezibana midomoni, kwa hiyo swali lilitokea pembeni ya mdomo kama siri. Mama Pacha, mke wa kinyozi, alikuwa anaanika nguo za mabinti zake mapacha. Akageuka na soksi mkononi.

"Nisipolipa yote si nitakamatwa?"

"Nani akukamate? Mimi jana nimechukua sabuni, mafuta na majani ya chai, yule keshia akapunguza, akapunguza, mpaka nikamwonea huruma."

"Ulimlilia?"

"Nilimpa karatasi."

Siku nyingine yoyote Mama Pacha angecheka na kuendelea kuanika. Lakini siku iliyotangulia, mwenye jengo alikuwa ameongeza kodi ya chumba cha kunyolea, na mumewe alirudi nyumbani akakaa kitini bila kuvua viatu. Wifi yake akasogeza kiti chake karibu. Huyu wifi, dada mkubwa wa kinyozi, alikuwa amekuja kusalimia, na salamu zake zilikuwa hazijaisha tangu mvua zilizopita.

"Shida ya nyumba hii si kodi, mdogo wangu," wifi alisema. "Shida ni kikapu. Kinatoka na hela, kinarudi na vichekesho. Nipe mimi huo mfuko wa matumizi uone kama haujanenepa."

Kinyozi alikuwa mtu wa amani, na mtu wa amani akibanwa na wanawake wawili hutoa hukumu inayomuumiza yeye kidogo kuliko wote. Akasema mfuko utabaki kwa mkewe mwezi ule. Lakini ukiisha kabla ya mwezi kuisha, kama ilivyokuwa kawaida yake, utahamia kwa dada.

"Na ukihamia haurudi," wifi akaongeza.

Mfuko wenyewe ulikuwa wa kitambaa, wenye zipu, umeshonwa kwa mabaki ya suruali. Mama Pacha alikuwa nao tangu wiki ya harusi. Kwa mfuko ule aliamua mtoto akiugua apewe chungwa au asipewe, na mgeni akija aletewe nini, na alimtolea Mungu sadaka bila kumwomba mtu ruhusa. Alishaonja maisha bila mfuko. Mwaka uliopita alipolazwa hospitali, wifi aliushika. Sabuni ya mche ilikatwa vipande kwa wembe wa kazini, kila mtu na kipande chake. Chai ikawa na rangi ya maji ya kuoshea vikombe. Mapacha walipopelekwa kumwona mama yao wodini walikula chakula chake, kisha wakahamia kitanda cha jirani kumjulia hali na yeye.

Kwa hiyo Mama Pacha aliitundika soksi, akakausha mikono kwenye gauni, akapita kwenye upenyo wa ua.

"Karatasi gani hiyo?" akauliza.

Mshonaji alifungua kopo la biskuti akamwaga mezani vikaratasi vya rangi.

"Hizi zinaitwa kuponi. Zinatoka kwenye magazeti, na kwenye yale matangazo wanayopenyeza chini ya mlango, ambayo wewe unawashia jiko."

"Mungu wangu. Nimechoma ngapi?"

"Usihesabu, utaugua." Mshonaji akachukua mkasi wake mkubwa. "Sikiliza. Unakata kwenye hizi nukta. Unaangalia tarehe, isiwe imepita. Unaangalia kitu chenyewe, si ndugu yake. Wakisema cha kilo, ni cha kilo. Na la mwisho ndilo kubwa kuliko yote: unaanza na unachohitaji, ndipo utafute kuponi yake. Usije ukaanza na kuponi. Umenisikia?"

"Nimekusikia," alisema Mama Pacha. Hakuwa amesikia. Alikuwa anatazama picha ya chupa ya maji ya matunda iliyoandikwa nusu bei, na moyo wake ulikuwa umeshalewa.

Supamaketi ilikuwa mtaa wa pili, yenye milango ya vioo na mlinzi anayesalimia wenye magari kwanza. Mama Pacha alienda na kuponi moja ya sabuni, ameikunja ndani ya kiganja kama dawa. Keshia alikuwa binti mwenye kucha ndefu, alibonyeza mashine kwa ubavu wa kidole.

"Mama, kuponi yako ni ya sabuni ya kilo. Hii uliyoleta ni ya nusu kilo."

"Si ni sabuni hiyo hiyo?"

"Ni hiyo hiyo, ila siyo hiyo."

Nyuma yake kulikuwa na foleni. Bwana mmoja mwenye kitoroli kilichojaa akavuta pumzi kwa nguvu. "Jamani, maziwa yangu yatachachia hapa."

"Samahani, baba. Ndiyo naanza."

"Anza, mama. Ila wengine tunataka kumaliza."

Mama Pacha alikimbia kurudi kwenye rafu, akapita mbele ya watu waliomtazama kwa sababu hakuna mtu anayekimbia katika supamaketi isipokuwa mwizi. Alirudi anahema, na sabuni ya kilo kifuani. Keshia akabonyeza kengele. Msimamizi akaja, akaigeuza ile kuponi juu chini kama hati ya kiwanja, akakubali kwa kichwa. Mashine ikalia, bei ikakatika nusu.

Alitoka nje akiwa na jasho mgongoni na furaha ya mtu aliyeiba kwa ruhusa. Kuanzia siku ile hakuwa mtu wa kawaida tena.

Kuponi zinatoka kwenye magazeti, na gazeti ndilo lilikuwa pambo la kinyozi. Mshindani wake wa barabara ya chini alikuwa na televisheni. Yeye alikuwa na benchi, kioo kimoja kizima na kimoja kilichopasuka, na gazeti la leo. Wako wateja waliokuja kunyolewa kabla nywele hazijaota, kwa ajili ya kusoma bure.

Kila asubuhi Mama Pacha ndiye aliyefagia chumba kile kabla wateja hawajaingia, mumewe akiwa nje kuteka maji. Siku ya kwanza alikata kuponi moja tu, ya ukurasa wa nyuma, kwa mkasi mdogo wa masharubu. Siku ya pili mbili. Kinyozi alijua mkewe ana habari za kuponi, ila alidhani zinatoka kwenye kopo la mshonaji. Na kila jioni Mama Pacha alimwomba Mungu msamaha, kisha asubuhi akakata tena, kwa kuwa alichoomba ni msamaha. Hakuwa ameahidi kuacha.

"Kinyozi," alisema dereva wa lori, mteja wa siku zote, "hili gazeti na lenyewe umelinyoa?"

"Panya hao."

"Panya anakata mraba?"

"Panya wa siku hizi wamesoma."

Dereva akarudi kwenye habari za mpira. "Goli la ushindi lilifungwa dakika za mwisho na..." Akaingiza kidole kwenye tundu, kikatokea upande wa pili kwenye shavu la waziri. "Sasa limefungwa na nani?"

"Na kidole chako. Kaa vizuri nisikukate sikio."

Kinyozi alinunua mtego akautega chini ya benchi. Ulimnasa mteja mmoja kidole gumba cha mguu, naye akahamia kwa mwenye televisheni.

Nyumbani nako kabati lilikuwa linajaa. Wifi, ambaye hakukagua kitu kingine duniani kwa bidii kama makabati ya watu, alilifungua siku moja mchana akasimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Wifi, sisi tuna zulia?"

"Hatuna," alisema Mama Pacha, akichambua maharage.

"Hii chupa imeandikwa ya kusafishia mazulia."

"Ilikuwa robo bei."

"Robo bei ya zulia ambalo hatuna. Sawa. Na paka je?"

"Paka gani?"

"Na mimi ndiyo nauliza. Kuna makopo ya chakula cha paka hapa."

"Ukinunua moja unapewa la pili bure."

"Aa. Kwa hiyo tuna paka wawili ambao hatuna."

Mapacha walisikia neno paka tu wakatoka mbio. Walirudi na paka wa jalalani, mmoja kambeba mbele na mwenzake nyuma. Mama Pacha, kwa kutaka kulinda heshima yake, alifungua kopo akamwekea. Paka alinusa. Akamtazama Mama Pacha machoni, akanusa tena kama mtu anayesoma mkataba, kisha akaondoka polepole kurudi alikotoka.

"Hata wa jalalani," alisema wifi. "Hata wa jalalani amekataa!" Akaketi chini kucheka, akapiga mapaja, na jioni akamsimulia kinyozi, na kesho yake akamsimulia muuza maji.

Usiku ule Mama Pacha alitafakari maneno ya mshonaji ambayo hakuyasikia siku yalipotamkwa, na sasa aliyasikia vizuri sana: usije ukaanza na kuponi. Akaacha kununua vitu vya watu wengine. Akashika sabuni, mafuta, chumvi, chai. Mwezi ulipokaribia kuisha, alifungua zipu ya mfuko akakuta kitu ambacho hakijawahi kuwemo siku kama zile. Hela.

Kilichobaki ni unga. Debe lilikuwa linakwanguliwa, lakini hakutaka kununua, kwa sababu kampuni moja ilitangaza kwamba mwenye kuponi zake sita atapewa mfuko mkubwa wa unga bila kulipa kitu. Alikuwa nazo tano. Ya sita ingetoka Ijumaa.

Ijumaa ikafika, na gazeti likafika, na tundu likapatikana mapema.

Mwalimu mstaafu alikuwa na desturi ya kusoma matangazo ya vifo kwa sauti, ili ajue kama jina lake limo. Dereva wa lori alikuwa kitini, upande mmoja wa kichwa umenyolewa. Wengine wawili watatu walikuwa benchini.

"'Kwa masikitiko makubwa,'" mwalimu alisoma, "'familia inatangaza kifo cha mpendwa wao, fundi saa wa siku nyingi pale stesheni ya...'"

"Ya wapi?"

"Tundu."

"Jina lake je?"

"Tundu. 'Mazishi ni leo alasiri.'"

Wembe wa kinyozi ukasimama hewani. Pale stesheni kulikuwa na fundi saa, mteja wao, mwembamba, mpole, na tangu Jumatatu hakuna aliyemwona.

"Jumatatu alikohoa," alisema dereva. "Alikohoa hapa hapa, nikamwambia."

"Mungu ampumzishe."

"Alikuwa mtu wa watu."

"Saa yangu alikaa nayo mwaka mzima," alisema mmoja wa benchini.

"Mungu amsamehe."

"Iliporudi ikawa inarudi nyuma."

"Amsamehe na hilo."

Mwalimu alivua kofia yake, akaiweka juu ya benchi, akaanzisha yeye mwenyewe mchango wa rambirambi. Wakachanga. Kinyozi akafunika kioo kizima kwa taulo, hakujua kwa nini, aliona tu inafaa. Wote wakainamisha vichwa.

Mlango ukafunguliwa taratibu. Aliyeingia aliona huzuni, akaona kofia yenye hela, naye kama mtu mwenye adabu akapunguza sauti.

"Nani, jamani?"

"Fundi saa wa stesheni," alisema mwalimu bila kuinua macho.

"Masikini!" Akatumbukiza sarafu kwenye kofia, akakaa. Akafikiri kidogo. "Fundi saa yupi?"

"Yule mwembamba."

"Wa stesheni hii hii?"

"Hii hii."

"Mbona pale nipo peke yangu?"

Dereva wa lori alitoka mlangoni na shuka la kinyozi shingoni na nusu ya nywele zake, na watu wa sokoni walisema walimwona akipita. Mwalimu alikumbatia gazeti. Kinyozi alisema jina la Mungu mara nyingi kuliko alivyowahi kulisema tangu abatizwe.

Fundi saa alipoeleweshwa hakucheka. Alikuwa anaitazama kofia.

"Yaani mimi ndiye mmenichangia hela hizi tu?"

"Tulikuwa tunaanza," alisema mwalimu.

Fundi saa akachukua sarafu yake, akatoka, akaazima gazeti zima kwa muuza magazeti. Marehemu alikuwa fundi saa wa mji mwingine kabisa, mzee mwenye vitukuu. Kisha akaugeuza ukurasa aone nyuma ya lile tangazo kuna nini. Kulikuwa na picha ya mfuko wa unga, imezungukwa na nukta.

"Kinyozi," alisema, "panya wako anapenda unga."

Kinyozi alifika nyumbani mchana ule na aproni yake, wembe ukiwa mfukoni.

"Mama Pacha. Leo umemuua fundi saa."

"Mimi?"

"Kwa mkasi wangu wa masharubu. Tumemlilia, tumemchangia, akaingia yeye mwenyewe kutoa rambirambi. Dereva wa lori bado hajaonekana, na upande mmoja wa kichwa ni mali yangu, sijalipwa."

Wifi alitokea jikoni kabla sentensi haijaisha. Alipoambiwa habari yote aliinua mikono juu.

"Nilisema mimi! Ameanza na kabati, ameingia kazini kwako, kesho atakukata wewe. Lete mfuko, mdogo wangu. Leo leo."

Mama Pacha aliona uso wake unawaka kwa aibu. Lakini alienda chumbani, akaleta mfuko, akafungua zipu mbele ya mumewe.

"Nimekosa kwenye gazeti," alisema. "Kwa hilo nitakwenda kumwomba radhi fundi saa mwenyewe. Lakini tazama humu, Baba Pacha. Mwezi umebaki siku chache. Ni lini umeona hela humu siku kama ya leo?"

Kinyozi alichungulia. Akachungulia tena. Akataka kutabasamu, akakumbuka amekasirika.

"Hela ipo, unga haupo," alisema wifi. "Watoto watatafuna noti?"

"Unga nauchukua kesho. Bure. Nina kuponi sita."

"Bure! Duka likupe unga bure, kwani lina undugu na wewe?"

Wakabishana mpaka mshonaji akaacha kuendesha cherehani ili asikie vizuri. Mwishoni kinyozi alichukua mfuko, akautia mfukoni mwake.

"Nasema hivi na sirudii. Kesho tunakwenda wote watatu. Ukitoka dukani na huo unga, mfuko ni wako, na sitaki kusikia mtu akiutaja tena. Usipotoka nao, anao dada, na ukitaka hata hela ya chumvi utamwomba yeye."

Mama Pacha aliitikia kwa kichwa. Hakulala vizuri. Alijiona akisimama mlangoni pa chumba cha wifi, ndani ya nyumba yake mwenyewe, akieleza kwa nini anataka chumvi.

Jumamosi asubuhi mapacha walipelekwa kwa mshonaji, na wifi akaingia kuoga, akajipaka mafuta na kuchagua gauni kama mtu anayekwenda kuapishwa. Mama Pacha alizipanga kuponi zake mezani. Kinyozi alikuwa anakunywa chai. Alizitazama kwa pembe ya jicho, akaweka kikombe chini.

"Hivi ndivyo utakavyozipeleka?"

"Zina nini?"

"Zina manyoya. Hii imepinda, hii imeachia nyuzi nyuzi. Umekata kwa haraka kama mtu anayefukuzwa."

"Nilikuwa naogopa utaingia na ndoo."

Kinyozi alicheka kidogo, mara ya kwanza tangu jana. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka tu, na moyoni, bila kumwambia yeyote, alitaka mkewe ashinde. Aliikumbuka chai ya rangi ya maji ya vikombe. Akatoa mkasi wake mzuri, ule wa wateja wa harusi, akazilinganisha zile kuponi pamoja kama kichwa cha mteja, akafumba jicho moja.

"Mbele za watu unakwenda na kitu nadhifu," alisema. "Sogea kwenye mwanga."

Akazichonga pande zote, pole pole, ulimi ukiwa pembeni ya mdomo. Vipande vyembamba vikaanguka mezani. Akapuliza, akavikusanya, akavitupa jikoni kwenye makaa. Zilipokaa sawa sawa alimkabidhi mkewe, na Mama Pacha aliona kwamba mwezi ule wote mumewe hakuwa amemfanyia jambo la upole kama lile. Hakutazama kuponi. Alikuwa anatazama mikono ya mumewe.

Foleni ilikuwa ndefu, kwa sababu ilikuwa Jumamosi. Wifi alisimama mbele kabisa, karibu na mashine, asipitwe na kitu. Mfuko mkubwa wa unga ulikuwa kwenye kitoroli, umelala kama mtoto mnene.

"Mama wa kuponi!" alisema yule keshia mwenye kucha. "Leo umekuja na familia?"

"Leo nimekuja na mashahidi," alisema Mama Pacha, akaweka zile sita mezani.

Keshia alipitisha ya kwanza kwenye mashine. Mashine ikanyamaza. Akapitisha ya pili. Akaifuta kwenye sketi, akapitisha tena. Akazishika zote sita, akazigeuza, akainua uso.

"Mistari yake iko wapi?"

"Mistari gani?"

"Ile myeusi ya pembeni. Mashine inasoma ile. Hii picha ya unga ni ya kutufurahisha sisi, mashine haiijui. Na tarehe pia ilikuwa pale pale pembeni." Akazitazama tena, kwa heshima. "Aliyezikata ana mkono mzuri kweli. Zimekaa kama kadi za harusi. Ila kazikata vibaya, mama. Hizi hazifanyi kazi."

Foleni ilisogea karibu, kama foleni zinavyofanya zinaponusa msiba wa mtu. Wifi akageuka kwa ndugu yake, akanyoosha mkono, kiganja juu.

"Basi. Hakuna unga. Lete mfuko." Kisha akawageukia watu. "Mnamwona huyu? Ndiye anakata kila kitu. Amekata gazeti, amekata jina la marehemu, sasa amekata hata vya kwake mwenyewe!"

Watu wakamtazama Mama Pacha. Yeye alimtazama mumewe. Neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wake, fupi tu, lingemwokoa. Lakini alijua kwamba likitoka kwake litakuwa kelele za mke anayejitetea, na wifi atalikanyaga palepale. Akafunga mdomo, akamwomba Mungu amfungue mwingine.

Kinyozi alikuwa anasoma bei za pipi. Masikio yake yalikuwa yanawaka moto, na kidole chake kilikuwa juu ya zipu ya mfuko, ndani ya mfuko wa suruali. Ilikuwa rahisi sana kunyamaza. Wifi alitikisa vidole vya ule mkono ulionyooka.

"Ni mimi," alisema kinyozi, kwa sauti ya mtu anayeagiza pipi.

"Unasemaje, baba?" aliuliza keshia.

"Nimesema ni mimi! Mimi ndiye nimezichonga, leo asubuhi. Zilikuwa na manyoya."

"Acha kumkinga," alisema wifi.

"Simkingi, dada. Niliona pembeni kuna vimistari mistari vyeusi, nikaona kama ndevu. Nikaondoa."

Keshia ndiye aliyeanza kucheka, akaegemea mashine yake, na kicheko kikaenda nyuma foleni nzima mpaka kwa mlinzi. Bwana mmoja mnene akavua kofia akaonyesha kichwa kwa wote.

"Si ndivyo alivyonifanyia mimi! Nilimwambia anitengeneze mbele kidogo tu. Tazameni paji lilipofika! Nikifunga macho upepo unanipitia mpaka kisogoni!"

Kinyozi alisubiri wamalize. Hawakumaliza haraka. Kisha akatoa mfuko wa kitambaa, akauweka mikononi mwa mkewe, mbele ya wote, na akaufunika kwa mikono yake mwenyewe.

"Shika. Ungetoka na unga, nimekuzuia mimi. Ni wako, na maneno yameisha."

Mama Pacha hakucheka wala hakumtazama mtu. Alifungua zipu.

"Binti, rudisha huo mkubwa," alisema. "Nipe mfuko mdogo. Hela yake ipo."

Akalipa, akapokea risiti, akaikunja. Wifi bado alikuwa amenyoosha mkono, kama mtu aliyesahau alikouweka. Mama Pacha akaunyanyua mfuko wa unga kwa mikono miwili, akauweka juu ya kile kiganja.

"Tusaidie, wifi yangu."

Wifi aliutazama unga. Akamtazama ndugu yake, ambaye alikuwa amerudi kwenye bei za pipi na kuzisoma kwa makini sana. Akafungua kinywa, na watu wote wa foleni wakainama mbele wasikose. Akakifunga. Akaupakata ule unga ubavuni, akainua kidevu, akapita katikati yao na katikati ya milango ya vioo, akatoka bila kusema neno lingine.